Kabla ya Kumchora Mwanamke Juu ya Baiskeli

Nimefundisha sanaa kwa miaka mingi, na kwa karibu miaka hiyohiyo nimekuwa nikienda kazini kwa baiskeli. Kwa hiyo nilipowapa wanafunzi wangu kazi ya kuandaa maonyesho ya kuwaenzi wanawake wanaoendesha baiskeli mjini, nilidhani sina haja ya kuwaeleza mengi. Michoro ya kwanza ilipokuja niliitandaza mezani, nikaona kwamba karibu yote ilimwonyesha mwanamke mmoja yuleyule: nywele zinapeperuka, kikapu cha maua kiko mbele, na barabara ni tupu, haina gari hata moja. Ilikuwa michoro mizuri, lakini barabara ninayoipita kila asubuhi haikuwamo.

Mwanamke huyo ana umri mkubwa kuliko wanafunzi wangu. Alphonse Mucha, mchoraji wa Kicheki aliyesifika kwa mabango, alimchora mwaka 1902 katika bango la baiskeli za Perfecta, ambamo nywele zimetanda kila upande na baiskeli yenyewe haionekani ila sehemu ndogo tu. Bango lile lilikusudiwa kuuza bidhaa. Maonyesho ya wanafunzi yana kazi nyingine, nayo ni kumfanya mtazamaji amwone mtu aliyezoea kumpita barabarani bila kumtazama.

Ndiyo maana ningemshauri mwalimu yeyote awatoe wanafunzi nje kabla hawajachora chochote. Sisi tulikaa saa nzima kando ya njia panda yenye magari mengi, kila mmoja na daftari lake, tukiandika na kuchora yale tu tuliyoyaona: mwendeshaji anageuza shingo wapi, anaweka mguu chini lini, anafanya nini lori linapomkaribia. Baadaye tuliwaalika darasani wanawake wanaoendesha kila siku ili waikosoe michoro. Mama mmoja, ambaye humbeba mwanawe kwenye keria, aliutazama mchoro mmoja kwa muda, kisha akamwambia aliyeuchora, “Mwanangu, huyu haendeshi, amewekwa tu juu ya baiskeli.” Akanyoosha mikono yake hewani kumwonyesha kwamba viwiko hukunjwa kidogo, na kwamba penye msongamano vidole viwili havibanduki kwenye breki. Tukagundua pia kwamba mnyororo ulikuwa umechorwa upande wa kushoto, ilhali karibu baiskeli zote huwa nao kulia. Watu wengi hukosea wanapochora baiskeli kwa kumbukumbu, kwa hiyo leteni baiskeli halisi darasani na muiache hapo mpaka kazi iishe.

Suala la kuonekana lilitufunza mengi zaidi. Mwanafunzi mmoja alikuwa amempaka mwendeshaji wake gauni jekundu akiamini kwamba hakuna rangi inayovuta macho kuishinda. Tulilipeleka bango nje jua likizama, na kadiri giza lilivyoingia gauni likazidi kuwa jeusi, huku kijani na buluu vikiendelea kuonekana, kwa kuwa katika mwanga hafifu jicho huanza kuipoteza nyekundu mapema. Hata zile rangi kali za njano na machungwa zinazong’aa mchana hutegemea miali ya jua, na usiku nguvu hiyo hupotea. Gizani kinachosaidia ni taa, pamoja na mkanda wa kuakisi unaorudisha mwanga wa gari kule ulikotoka. Mkanda huo hufaa sana ukifungwa kwenye vifundo vya miguu na magoti, maana viungo vinavyopanda na kushuka humjulisha dereva kwamba mbele yake kuna mtu. Mwanafunzi yule alibandika vipande vya mkanda kwenye vifundo vya mwanamke wake, na usiku taa za gari zilipolimulika bango, miguu ndiyo iliyotangulia kuonekana.

Hata hivyo, nawasihi wanafunzi wasiishie kwenye kofia na mikanda, kwa sababu bango linaloorodhesha tu mambo anayopaswa kuvaa mwanamke humtwika yeye peke yake mzigo wa usalama. Huko Uholanzi wanawake huendesha baiskeli zaidi ya wanaume, na wengi wao hawavai kofia ngumu. Wamejengewa njia zilizotengwa na magari, na mitaa ya makazi imepunguziwa mwendo. Barabara nayo ichorwe basi: upana wake, ukingo wake, na mahali njia ya baiskeli inapokatika ghafla.

Kazi iliyonigusa kuliko zote ilitokana na lori lililoegeshwa. Kwa idhini ya dereva, mwanafunzi alipanda akakaa kwenye kiti chake, huku mwenzake akisimama na baiskeli chini, karibu na gurudumu la mbele. Alichora alichokiona kupitia dirisha na kioo cha pembeni, yaani barabara tupu. Kisha akashuka na kuchora mandhari hiyohiyo akiwa amesimama chini, msichana akiwa palepale alipokuwa, mkono mmoja kwenye usukani, akitazama juu. Michoro hiyo miwili tuliitundika sambamba, nje ya jengo, upande unaotazamana na barabara, kwa kimo cha macho ya dereva wa lori.