Chakra ya Tumboni: Tazama Moto Kabla ya Kuchochea

Katika yoga, chakra ni vituo vya nguvu mwilini, na ya tumboni ni ya tatu. Ushauri mwingi kuhusu chakra hii ya tatu huanza na kuchochea: kaza tumbo, pumua haraka haraka, vaa njano. Kwa mtu ambaye ndani tayari anaungua, huko ni kumsogezea kuni.

Kwa Kisanskriti chakra hii huitwa Manipura, yaani mji wa vito. Makao yake ni kati ya kitovu na chembe cha moyo, asili yake ni moto, na kazi yake katika mafundisho ya yoga ni kusaga: chakula, na pia mambo. Hapo ndipo panaposemwa mtu hupata nguvu ya kuamua, kuthubutu na kukataa. Hakuna eksirei itakayokuonyesha chakra. Lakini nyuma ya tumbo, karibu na pingili ya kwanza ya kiuno, upo mtandao mkubwa wa neva unaohudumia tumbo, ini na sehemu kubwa ya utumbo, na kila aliyewahi kupata hofu anajua inavyobana hapo. Kuhusu njano, usijisumbue. Maandishi ya Kisanskriti ya mwaka 1577, ambayo mafundisho mengi ya leo yanayategemea, yanaieleza kama yungiyungi la petali kumi lenye rangi ya mawingu mazito ya mvua, na ndani yake pembetatu nyekundu. Mpango wa kuzipanga chakra kama rangi za upinde wa mvua ni wa juzi tu.

Kwanza jipime. Lala chali, kunja magoti, nyayo ziwe sakafuni. Mkono mmoja uweke kifuani, wa pili juu ya kitovu. Hesabu pumzi kumi bila kurekebisha chochote. Mkono wa juu ukitangulia kupanda na tumbo likabaki gumu kama ubao, moto umezidi au umefungiwa, na mara nyingi utakuta pia taya zilizokazwa, hasira za ghafla na tabia ya kutaka kushika kila kitu mwenyewe. Tumbo likiwa laini lakini halisogei sana, pumzi fupi, mabega yameangukia mbele, moto umefifia: unaanza mambo na kuyaacha, unasema ndiyo huku moyo unakataa. Watu wengi huwa na hali zote mbili kwa siku tofauti, kwa hiyo kipimo hiki ni cha kila asubuhi.

Hali yoyote utakayoikuta, anza na pumzi ndefu ya kutoka. Ukiwa umelala vilevile, vuta hewa puani kwa hesabu ya 4, itoe kwa hesabu ya 6. Ukihesabu kwa mwendo wa sekunde, utapata pumzi sita kwa dakika; fanya dakika 5. Kosa la kwanza ni kulisukuma tumbo nje kwa misuli na kudhani huko ndiko kupumua. Tumbo lapaswa kuinuliwa na kiwambo, yaani msuli ulio chini ya mapafu, kinaposhuka, na mbavu za chini zifunguke kwa ubavuni. Kosa la pili ni kuvuta hewa nyingi mno. Ukisikia kizunguzungu au ganzi vidoleni, unatoa kaboni dayoksaidi kupita kiasi. Punguza ukubwa wa pumzi, usiongeze bidii. Kaa na zoezi hili moja kwa wiki mbili kabla ya kuongeza lingine. Wengi huliruka kwa sababu linaonekana jepesi, kisha hushangaa mazoezi makali yanapowaacha na wasiwasi.

Moto uliofifia huchochewa kwa kapalabhati, zoezi la kutoa pumzi kwa mipigo. Kaa wima. Vuta kitovu ndani kwa ghafla ili hewa itoke puani, kisha legeza tu. Hewa itaingia yenyewe. Mipigo 20, mmoja kwa sekunde, pumzika dakika moja, rudia hadi mizunguko 3. Mabega yakirukaruka au uso ukikunjamana, kazi imehamia kifuani na tumbo halipati kitu. Fanya asubuhi, tumbo likiwa tupu, yaani saa 3 hadi 4 baada ya kula. Usiku zoezi hili litakunyima usingizi. Mjamzito, mwenye shinikizo la juu la damu, ugonjwa wa moyo, ngiri, kifafa, presha ya macho au aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo karibuni asilifanye kabisa.

Ongeza mkao wa mashua: keti, egemea nyuma kidogo, inua miguu ikiwa imekunjwa magotini, pumzi 5, mara 3. Mgongo ukipinda, uzito wote huangukia kiunoni, ndiyo maana wengi hulalamikia maumivu ya mgongo. Shika nyuma ya mapaja, inua kidari. Ukijikuta umebana pumzi, shusha miguu. Mikao ya kujisokota nayo ni mizuri kwa kulegeza mbavu, ila usiamini kwamba inakamua sumu mwilini. Kazi hiyo ni ya ini na figo.

Moto uliozidi haupigwi vita. Lala kifudifudi, paji la uso juu ya mikono, dakika 5 hadi 10, uisikie sakafu ikisukumana na tumbo kila unapovuta hewa. Baada ya kula tembea polepole dakika 10. Usile ukiwa umesimama au katikati ya ugomvi. Acha saa 3 kati ya mlo wa mwisho na kulala, hasa kama kiungulia kinakusumbua. Silabi ya chakra hii, RAM, inaweza kutamkwa kwa kuvutwa polepole mara 9. Hata asiyeamini mantra, yaani maneno matakatifu ya kurudiwarudiwa, atapata faida ya pumzi ndefu inayotoka.

Upande wa nia ndio unaosahaulika. Jiwekee ahadi moja kwa siku, isiyozidi dakika 5, saa ileile. Mwenye moto mdogo achague kufanya kitu. Mwenye moto mkubwa achague kuacha kimoja, kwa mfano kumwachia mwingine kazi bila kumsimamia. Ahadi kumi za siku ya kwanza ni moto wa mabua. Na ukizoea kukubali kila ombi, jifunze sentensi hii: "Nitakujibu kesho." Itamke baada ya kutoa pumzi, sauti itakuwa tulivu zaidi.

Maumivu ya chembe cha moyo yasiyokoma, kinyesi cheusi, kutapika damu, kupungua uzito bila sababu au chakula kukwama kooni si mambo ya chakra. Nenda hospitali.