Kwa unayeanza kazi ya duka Kariakoo

Vijana wanaopita dukani kuomba kazi huniuliza, "Kaka, siri ya hii biashara ni nini?" Sina siri, nilikuwa na bosi. Amefariki mwaka jana, tukamzika kwao Makete, na karibu yote ninayoyajua kuhusu kanga na vitenge niliyaokota nikiwa nimesimama pembeni yake kwa miaka 14. Nawaandikia haya ninyi mnaoanza, kabla hamjafundishwa na mtu mwingine.

Mzee alikuwa Mkinga, na Wakinga mnawajua kwa biashara. Alishuka Dar mwaka 1987 akiwa juu ya lori la mbao, mfukoni ana fedha ya viazi. Hofu ya msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 ilikuwa bado haijawatoka wafanyabiashara, lakini milango ya kuagiza mali kutoka nje ilikuwa imeanza kufunguliwa mwaka uliofuata msako huo, na maduka ya Mtaa wa Uhuru yalianza kujaa tena. Yeye hakuwa na fremu wala stoo. Alibeba kanga begani, akazitembeza Buguruni na Temeke, jioni akirudisha fedha ya zilizouzwa na doti zilizobaki.

Hiyo ndiyo mali kauli, na ndipo wengi wenu mtakapoanzia. Unapewa mzigo kwa neno lako tu. Vijana wengi hudhani ugumu wake ni kuuza. Ugumu ni ile siku uliyosema utalipa, halafu hujauza. Hapo wengi huzima simu. Mzee alikuwa akienda siku ileile, hata kama hajamaliza kuuza, anakaa mbele ya mwenye mali na kumwambia, "Nimeuza nusu, fedha hii hapa, nusu nyingine nimekurudishia." Aliniambia mwenye mali akishaanza kukutafuta, umeshaharibu, hata kama fedha unayo. Miaka ishirini baadaye watu walewale ndio waliokuwa wakimshushia mzigo mzima bila kumdai hata senti ya kutanguliza.

Sasa niwaambie aibu yangu, maana hili ndilo kosa la kwanza la kila mgeni kwenye kanga. Mwezi wangu wa pili dukani aliingia baba mmoja anatafuta doti ya kumpelekea mama mkwe. Nikamchagulia nzuri kweli, pindo jeusi, mji, yaani sehemu ya katikati, wa korosho za rangi ya chungwa, nikaikunja vizuri na kuitia kwenye mfuko. Jina, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, sikulisoma. Jumatatu yule baba alirudi amevimba. Kanga ilikuwa imeandikwa "Hasidi hana sababu", na mama mkwe ameifungua mbele za watu.

Mzee hakunifokea. Alichukua ile doti, akampa nyingine ya "Nani kama mama", akakataa nyongeza ingawa hiyo ya pili ilikuwa ya bei ya juu. Mteja alipotoka, akavuta stuli, akaniambia, "Haya mwanangu, nisomee duka." Nilisoma kwa sauti majina yote, rafu hadi rafu, toka saa nane mpaka karibu saa kumi, mawinga, wale wanaotuletea wateja, wamejaa mlangoni wanacheka. Mpaka leo doti haitoki mkononi mwangu kabla sijaifungua yote mbele ya mteja: jina limekaa sawa, chapa haijaparara, hakuna doa, vipande vyote viwili vimo. Nanyi fanyeni hivyo hata foleni ikiwa ndefu.

Kuhusu mawinga: msigombane nao. Winga anamleta mteja ambaye wewe usingempata, anaweka cha juu chake, anakula. Ila bei yako isibadilike kwa sababu yake. Na risiti toeni. Mashine za risiti za kielektroniki, EFD, zilipoingia mwaka 2010 mtaa mzima ulinung'unika, Mzee naye alinung'unika kwa sauti kuliko wote, huku anachapa risiti.

Lakini kilichomjenga, mimi naona, ni bahasha. Kila Jumamosi jioni tulikuwa tunafunga hesabu, halafu anatoa bahasha za mishahara. Tulikuwa wafanyakazi wanne na bahasha zilikuwa tano. Ya tano ilikuwa na jina lake mwenyewe. Ada za watoto, umeme, mchango wa harusi ya mtoto wa jirani, vyote vilitoka humo. Ikipungua, alikopa dukani kama mtu baki: anaandika tarehe, kiasi, anasaini, na wiki inayofuata anakatwa. Nilimwona akikatwa miezi mitatu mfululizo mwaka binti yake mkubwa alipoingia chuo. Duka ni lake, droo ni yake, funguo anazo yeye. Nimeona fremu za jirani zikifungwa, na sikuona hata moja iliyouawa na ukosefu wa wateja. Zililiwa kidogokidogo kutoka kwenye droo.

Saa kumi na moja na nusu alikuwa anaondoka, hata kama wateja wa Zambia wamejaa ndani. Alitaka kula na wanawe. Mwanzoni nilidhani anapoteza fedha. Jumapili baada ya kanisa alikaa na mkewe wakanakili daftari la wiki kwenye daftari la pili, linalokaa nyumbani. Mama alijua nani anatudai, nani tunamdai, mzigo gani uko njiani. Usiku wa Julai 10, 2021 soko kuu lilipoungua, sisi hatukuguswa, lakini namjua mtu ambaye madeni yake yote yaliteketea na daftari moja. Wadeni wake wachache walikuja kujitaja wenyewe. Wengi hawakuja.

Mzee alipofariki ghafla, duka halikufungwa hata wiki mbili. Siku ya pili baada ya kumaliza matanga Mama alikuja na daftari la nyumbani, akalilinganisha na la dukani ukurasa kwa ukurasa, akapiga simu kwa wenye mali watatu na kuwatajia kiasi kabla hawajasema. Jumamosi tukafunga hesabu. Akahesabu bahasha nne, akatugawia. Akachukua ya tano, akakata jina la Mzee kwa mstari mmoja wa rula, akaandika la kwake chini. Kiasi aliacha kilekile.