Jibu: Cheni kuruka baada ya kufunga injini ya cc 110 kwenye Honda Z50

Salaam ndugu. Umeeleza kwamba injini ya cc 110 imekaa vizuri kwenye bolti mbili za fremu ya Z50 yako ya zamani, ile pikipiki ndogo ya cc 50, lakini cheni inaruka kila unapoongeza moto. Hapa Dodoma nilihangaika na jambo hilohilo, nikabadilisha cheni mara mbili bure.

Anza na mstari wa sproketi, yaani yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni. Kaza uzi ubavuni mwa sproketi ya nyuma, uuvute hadi mbele, kisha utazame kama unaigusa ile ya mbele sawasawa. Yangu ya mbele ilikuwa imeingia ndani kwa milimita 4 hivi, na meno yake yalikuwa yanang'aa upande mmoja tu kwa kulika. Tafuta sproketi ya mbele yenye kitovu kilichosogezwa nje, au umpelekee fundi wa kerezo (mashine ya kuchonga vyuma) aichonge, lakini fremu ya asili nakusihi usiikate.

Ukimaliza hapo, badilisha balbu za volti 6, kwa kuwa injini hizi mpya kwa kawaida huendesha umeme wa volti 12. Shuu za breki nazo zikague kabla hujaijaribu barabarani, maana zilikusudiwa injini ya cc 50.