Kabla ya kulaumu wafanyakazi, kagua biro yako

Wakubwa wengi wa biro, yaani ofisi, hapa Lubumbashi wakiona kazi imelegea baada ya saa nane mchana, husema ni uvivu. Mimi nasimamia watu wanaoandaa hati za forodha za malori ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kazi ambayo tarakimu moja ikikosewa lori linalala mpakani. Nimejifunza kukagua chumba kwanza.

Anza na jua. Mji wetu uko kusini mwa ikweta, kati ya nyuzi 11 na 12, kwa hiyo miezi mingi jua la adhuhuri huelemea kaskazini. Dirisha la upande huo hukingwa na baraza tu. Tabu iko magharibi: jua la alasiri huwa chini, hupenya chini ya paa mpaka mezani. Mwezi wa tisa na wa kumi, kabla ya mvua, chumba cha namna hiyo hakikaliki.

Mama mmoja wa faktura (ankara) alikuwa amebandika katoni kwenye kioo. Skrini ikasomeka, lakini akabaki gizani, na dirisha halikufunguka tena. Tuliibandua katoni, tukatundika mkeka wa matete kwa nje, juu ya fremu ya mbao, ukiacha nafasi ya hewa kupita. Pazia la ndani hupokea joto lililokwisha kuvuka kioo. Kivuli cha nje hulizuia huko huko. Halafu tukageuza meza yake, dirisha likawa ubavuni. Likiwa mgongoni, mwanga hupiga skrini. Likiwa usoni, macho huwaka. Makosa ya mchana yalipungua, na vidonge vya kichwa vikaondoka mezani kwake. Kiyoyozi kingetugharimu zaidi, na umeme ukikatika nacho kinanyamaza.

Kelele nazo ni mzigo. Kuna fasheni ya kuvunja kuta ili watu washirikiane. Mwaka 2018, watafiti Ethan Bernstein na Stephen Turban walichapisha matokeo kutoka makampuni mawili makubwa yaliyohamia ofisi za wazi: mazungumzo ya ana kwa ana yalishuka kwa takriban asilimia 70, watu wakakimbilia kuandikiana kwenye kompyuta. Mimi naamini kabisa. Anayetazamwa kutwa hujifunika. Kama una stoo ndogo yenye mlango, itoe makaratasi ya zamani, iwe chumba cha simu. Madereva hupiga simu wakipaza sauti, na anayewajibu hupaza pia; anayejumlisha kodi pembeni atafanyaje?

Grupu, yaani jenereta ya umeme, iwe mbali na madirisha, moshi uelekee kusiko na watu. Hapa sina mjadala: kaboni monoksidi haina harufu, na inaua.

Jambo la mwisho watu huliona la anasa. Mwaka 1984 Roger Ulrich alionyesha kwamba wagonjwa waliopasuliwa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, wakalala chumba chenye dirisha linalotazama miti, walitoka mapema kuliko wenzao waliotazama ukuta wa matofali, na hawakuhitaji dawa kali za maumivu nyingi kama wenzao hao. Biro si hospitali, lakini macho yanayoshinda kwenye tarakimu yanahitaji mahali pa kupumzikia. Kama una mwembe uani, usiukate ili upate nafasi ya kuegesha gari moja zaidi.