Maswali yenu ya ujenzi: saruji, chokaa na bei ya ubaridi

Nyumba ya kijani huzidi ya kawaida kwa shilingi ngapi? (Msomaji, Malindi)

Swali hili huja kila wiki, na kila wiki huja bila ramani. Vyumba vingapi? Kiwanja kimeelekea wapi? Cheti cha EDGE mnachokiulizia sana, cha nyumba za kijani, yaani zisizopoteza nishati wala maji, hutaka nyumba ipunguze angalau asilimia 20 ya nishati inayotumia, ya maji, na ya hewa ya ukaa inayotoka vifaa vyake vikitengenezwa, ikipimwa na jengo la kawaida. Cheti kina ada yake. Lakini kuelekeza madirisha kwenye pepo za kusi na kaskazi ni bure ukiamua kabla ya kuchimba msingi. Ukichelewa, utalipia kiyoyozi miaka yote utakayoishi humo.

Nyumba ya babu huku Mkomani inabanduka lipu. Fundi asema tupige saruji, ni rahisi. Tukubali? (Mjukuu, Lamu)

Msikubali, mwanangu. Kuta zile za matumbawe zilijengwa kwa chokaa, na chokaa hupumua: ukuta ukinywa maji ya masika, huyatoa kidogo kidogo. Ukiuziba kwa saruji, maji hukaa ndani pamoja na chumvi yake. Nyumba ya mama yangu ilifanyiwa hivyo. Ilipendeza. Baada ya mvua chache lipu ikavimba. Ukiigonga kwa kifundo cha kidole, yalia kama debe tupu. Ilipoanguka ilishuka na uso wa jiwe, na nyuma yake chumvi nyeupe, laini kama unga. Tulilipa mara tatu: kupiga saruji, kuibandua, kurudisha chokaa. Mwaita hiyo rahisi?

Tafuteni fundi wa chokaa, na mumuulize ameiloweka tangu lini. Akisema jana, asiguse ukuta. Kabla ya yote zibeni dari isivuje, maana boriti zikioza hakuna lipu itakayoshika. Na mji huu umo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2001, kwa hivyo waoneni watu wa Makumbusho kabla ya kubomoa hata kidaka kimoja.

Boriti za mikoko zafaa? (Fundi, Matondoni)

Zenye kibali, ndiyo. Za magendo, hapana, hata wakikupa nusu bei. Wewe wa Matondoni waikumbuka marufuku ya 2018 ya kukata miti ilivyowabana watu.

Nichote mchanga wa ufuoni Shela? Ni bure.

Hapana! Chumvi yake hula nondo za chuma, na vile vilima vya mchanga ndivyo vinavyotuwekea maji matamu ya visima. Anayechota pale anawanyima jirani zake maji.

Tangi la maji ya mvua lina faida, au ni fasheni? (Mama wa watoto wanne, Langoni)

Lina faida, dada. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa lako likiwa na mita za mraba 60, mvua ya milimita 10 ni lita 600: madumu 30 ya lita 20. Zidisha kwa bei unayomlipa mwenye punda. Toa kidogo kwa yanayomwagika, na mvua ya kwanza usiikinge, iache ioshe paa kinyesi cha kunguru.