Kabla ya Kuwasha Grenda: Mafunzo kwa Anayetaka Kujenga Kafe Resa kutoka Honda CG125 Kuukuu

Honda CG125 niliyoanzia kazi hii niliikuta nyuma ya nyumba moja Morogoro, tairi zote mbili zikiwa hazina upepo na kuku wakitaga chini ya injini. Mwenyewe alikuwa ameitumia tangu miaka ya 1980, na kadi ya usajili alikuwa bado ameihifadhi kwenye mfuko wa nailoni, jambo ambalo kwangu lilikuwa na thamani kuliko injini yenyewe. Nilijipangia miezi 2 ya kuigeuza kafe resa, yaani pikipiki iliyovuliwa vya ziada na kupewa umbo la mbio. Ilinichukua miezi 11, na kati ya hiyo, kama 4 hivi niliitumia kurudishia vitu nilivyovikata kwa mikono yangu mwenyewe katika wiki ya kwanza.

Mtindo huu ulizaliwa Uingereza na kushamiri miaka ya 1950 na 1960, miongoni mwa vijana waliokutana kwenye migahawa ya kando ya barabara. Uliojulikana zaidi ni Ace Cafe ya London, iliyofunguliwa mwaka 1938, ikafungwa 1969 na kufunguliwa tena 2001. Lengo lao lilikuwa kufikia maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160 hivi, kwa hiyo walivua kila kisichosaidia mwendo, wakashusha usukani na kusogeza vikanyagio nyuma ili mwili ulale juu ya tanki na upepo upite. Walioweza walichukua injini ya Triumph wakaipachika kwenye fremu ya Norton, na mchanganyiko huo wakauita Triton. CG125, yenye silinda moja ya sentimita za ujazo 124, haifiki huko. Nayo hukimbilia mia, ila ni mia ya kilomita, na hapo imeshajitahidi. Ni vizuri ulikubali hilo kabla hujatoa fedha, kwa sababu unachojenga ni pikipiki yenye umbo la mbio, na kazi yake halisi itakuwa kwenye foleni na matuta.

Pamoja na hayo, kwa anayejifunza sijaona chaguo bora zaidi. Honda waliitoa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo na oili hubadilishwa pale mwenyewe anapokumbuka, ndiyo maana vali zake husukumwa kwa vijiti badala ya kutegemea cheni ndefu ya kwenda juu ya silinda. Injini nyingi za pikipiki za Kichina zinazobeba bodaboda wetu zimefuata muundo huo huo, na hivyo vipuri vingi vya Kariakoo huingiliana nayo, ingawa nakushauri uende na kipuri cha zamani mkononi na ukipime hapo hapo dukani, kwa maana neno "inaingia" la muuza duka halina dhamana.

Baada ya kukata mkia wa fremu vibaya, vipande vyangu nilivipeleka mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa fundi mmoja wa kerezo (mashine ya kuchongea chuma), mzee wa makamo, nikamwomba anichongee bomba la kuviunga. Alivigeuza mkononi, akapuliza vumbi la chuma, kisha akaniuliza, "Kijana, hiki ulichokikata kilikuwa kinashika nini?" Sikuwa na jibu. Kafe resa hujengwa kwa kuondoa, na kila kinachoondolewa kilikuwa na kazi. Tangu siku ile, kabla ya kufungua chochote, huandika kwenye daftari kazi yake na kitakachoirithi kazi hiyo. Mahali pa urithi pakibaki wazi, grenda haiwashwi.

Basi anza kwa kuiendesha ikiwa nzima, walau kwa wiki mbili. Linganisha namba ya chesisi kwenye shingo ya fremu na namba ya injini dhidi ya kadi kabla ya kulipa, wala usiruhusu mtu apake rangi nzito au kupitisha msasa juu ya namba hizo. Badilisha oili, rekebisha nafasi ya vali iwe milimita 0.08 injini ikiwa baridi, safisha kabureta, kisha uiendeshe na kuisikiliza. Moshi wa bluu unakuambia kwamba oili inaungua, mara nyingi kwa sababu ya ringi za pistoni zilizochoka. Usukani unaogotagota unapofunga breki ya mbele unakuelekeza kwenye beringi za shingo. Ukibomoa pikipiki bila kujua maradhi yake, baadaye utashindwa kutofautisha ugonjwa uliorithi na ule uliousababisha, na hilo litakugharimu usiku mwingi. Tazama pia tairi ubavuni, kwenye tarakimu nne za mwisho za msimbo wake: 2314 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014, na tairi la umri huo halifai hata kama kashata zake bado ni nzuri.

Katika kufungua, adui wa kwanza ni skrubu. Skrubu za pikipiki za Kijapani zina alama ya msalaba inayofanana na ile ya bisibisi ya kawaida ya nyota, lakini pembe zake zimechongwa tofauti kidogo, kwa hiyo bisibisi ya kawaida hupanda na kutoka huku ikikwangua kichwa. Kava la klachi la CG yangu lilikuwa na skrubu ambazo vichwa vyake vilikuwa vimegeuka vishimo vya mviringo. Ndani ya mojawapo palikuwa na mng'ao wa chuma kipya, ishara kwamba fundi aliyenitangulia alishindwa akaiacha. Dawa ni bisibisi inayogongwa kwa nyundo, ambayo hugeuka yenyewe kila inapopigwa, pamoja na mafuta ya kulainisha kutu yaliyoachwa usiku kucha. Nilipozifunga upya niliweka bolti za kichwa cha kufungulia kwa funguo ya pembe sita, na sijajuta.

Sasa mkia, ambako wengi huharibu. Picha zinazotuvutia zina kiti kifupi kilicho bapa, chenye nundu nyuma, na mstari mmoja ulionyooka kuanzia chini ya tanki hadi mwisho wa kiti. Ili kuupata, fremu ya nyuma hukatwa na kuwekewa bomba lililokunjwa mfano wa kwato ya farasi. Mpaka wa kukata ni nyuma ya mahali shokapu zinaposhikwa kwa juu, na hapo hapavukwi, kwa kuwa uzito wako wote hupitia sehemu hiyo. Mimi sikuvuka mpaka. Nilichokosea ni kupima pikipiki ikiwa imesimama tu kwenye stendi, ambapo kati ya tairi na bomba jipya palikuwa na nafasi ya vidole vinne, nikaona inatosha. Siku ya kwanza nilipombeba shemeji yangu tukapita tuta, nilisikia mlio mfupi kama wa kitambaa kinachochanika, na harufu ya mpira ikanifikia kabla sijasimama. Tairi lilikuwa limepanda hadi kwenye bomba, likasaga waya za taa ya nyuma nilizozipitisha chini yake kwa ajili ya kuzificha, na shemeji akabaki ameshika mabega yangu akiuliza kama tumepasua. Hatukuwa tumepasua, lakini taa ya breki haikuwaka tena siku hiyo.

Njia sahihi ni kufungua shokapu zote mbili, kuinua gurudumu kwa mkono au kwa jeki hadi kufikia urefu wa shokapu iliyobonyea kabisa, na ndipo kupima nafasi iliyobaki. Unaupata urefu huo kwa kuvua springi na kuisukuma shokapu hadi inapogota kwenye kizuizi chake. Pima huku tairi utakalotumia likiwa limejaa upepo, kwa maana tairi nene hula nafasi. Katika kuunga, usikubali mabomba mawili yagusanishwe ncha kwa ncha na kuchomelewa juu juu. Bomba la ndani, lililochongwa kwenye kerezo liingie kwa kubana pande zote mbili, huchomelewa kupitia matundu yaliyotobolewa kwenye bomba la nje, kisha ndipo mzunguko wa nje unachomelewa. Kabla ya mchomeleaji kugusa fremu, toa betri na uchomoe rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa injini uweze kuchaji betri), na klipu ya ethi ifungwe karibu na panapochomelewa ili umeme usipite kwenye beringi na kuziunguza.

Kuhusu usukani wa vipande viwili unaofungwa kwenye mabomba ya foki, maoni yangu hayatawafurahisha wote. Mkao wa kulala mbele una mantiki pikipiki inapokimbia, kwa sababu upepo husukuma kifua na kubeba sehemu ya uzito wa mwili. Kwenye kilomita 40 kwa saa upepo huo haupo, na uzito wote huangukia viganja. Baada ya nusu saa ya foleni ya Barabara ya Mandela, vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi kiasi cha kushindwa kuihisi klachi. Nilivifungua nikaweka usukani wa kipande kimoja, mfupi na wa chini, na kwa mbali hakuna anayeona tofauti. Ukiamua kuweka vile vya vipande viwili, pima kwanza unene wa mabomba ya foki, maana ya CG ni membamba na vingi vinavyouzwa vimetengenezwa kwa pikipiki kubwa. Usukani wowote utakaouweka, ugeuze hadi mwisho kulia na kushoto injini ikiwa inanguruma taratibu. Mngurumo ukipanda wakati unageuza, waya wa moto, yaani ule wa kuongezea mwendo, umevutika, na siku utakapokata kona kali pikipiki itajiongezea mwendo yenyewe. Angalia pia kwamba vidole havibanwi kati ya mshikio na tanki.

Kanuni hiyo hiyo ya kazi iliyorithiwa inahusu boksi la kichujio cha hewa. Watu huliondoa ili pembetatu iliyo chini ya kiti ibaki wazi na kupitisha mwanga, kisha huvalisha kabureta kichujio kidogo cha mviringo. Boksi lile lilikuwa likipunguza kasi ya hewa kwa kiwango ambacho jeti za kabureta (vitundu vinavyopitisha petroli) zilipangiwa. Likiondoka, hewa huzidi petroli, injini husitasita unapovuta moto, hupigapiga kwenye bomba la moshi unapoachia, na joto hupanda hadi kuhatarisha pistoni. Panda jeti kubwa kwa saizi moja moja, endesha kilomita chache kwa moto mwingi, zima injini hapo hapo barabarani na ufungue plagi: nyeupe inaonyesha petroli haitoshi, nyeusi ya masizi imezidi, ya kahawia isiyokolea ndiyo unayoitafuta. Kabureta ya CG ni rahisi na huvumilia. Mwenye Honda CB350 ya zamani, ambayo kabureta zake hutegemea mvuto wa hewa kuinua pistoni za ndani, ajiandae kwa mateso zaidi, na mimi ningemshauri aliache boksi lake mahali lilipo.

Betri nayo hutafutiwa maficho, kwa kawaida chini ya nundu ya kiti. Inawezekana, kwa sababu pikipiki hii huwashwa kwa kiki na betri ndogo hutosha, lakini iwekwe kwenye kisahani kilichofungwa kwa bolti, iwe na fyuzi, na isiguse kiti kinapobonyea. Matoleo ya mwanzo ya CG yana umeme wa volti 6, kwa hiyo kagua kabla hujanunua taa. Kwenye nyingi kati yake taa kubwa hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili za injini bila kupitia betri, na balbu ya kisasa ya LED ukiiweka hapo itameta-meta au kufa. Indiketa za aina hiyo hiyo, kwa kuwa zinakula umeme kidogo, huifanya rilei ya zamani ipepese haraka kupita kiasi au isipepese kabisa, na dawa yake ni kubadilisha rilei.

Tanki sitalisemea sana. Kutu ya ndani huisha kwa siki na kiganja cha nati kuukuu ukilitikisa kwa uvumilivu, kisha maji yenye magadi na kulikausha upesi. Lakini tanki lililowahi kuwa na petroli usilichomelee, wala usimruhusu fundi wa mtaani alichomelee kwa sababu tu limeonekana tupu: mvuke uliobaki ndani ni hatari kuliko petroli yenyewe. Madigadi ya mbele nayo nilishaiondoa na nikairudisha mwezi Aprili, katikati ya masika, baada ya kula tope la Tabata kwa siku mbili.

Ikishakamilika, usiifunge ukasahau. Injini ya silinda moja hutetema, na fremu uliyoibadili haitetemi kama ilivyotetema zamani. Nilichora mstari mwembamba wa rangi nyeupe uliopita kwenye kila nati na chuma kilicho chini yake, ili mstari ukivunjika nijue kilichohama, na nikawa nakagua kila jioni kwa kilomita 500 za mwanzo. Za injini zilikaa zilivyo. Iliyohama, siku ya tatu tu, ilikuwa nati ya mkono wa breki ya nyuma, kwenye kikanyagio nilichokisogeza nyuma mwenyewe na kukichongea kiunganishi kipya. Kwenye daftari, mbele ya jina lake, nilikuwa nimeandika kazi yake vizuri kabisa, ila nilisahau kununua pini ya kuizuia.