Parabole ya mota inapoteza signo kwenye ncha: anza na mlingoti

Ndugu wa Katuba, hapa Lubumbashi, unasema parabole yako, sahani ya mita 2.4 inayozungushwa na mota kufuata satelaiti, inashika vizuri katikati, lakini ikienda mashariki au magharibi signo inakufa. Usiguse LNB (kipokezi kilicho mbele ya parabole) kwanza. Ninashuku mlingoti wako.

Weka nivo (kipimo cha usawa) kwenye mlingoti, pande mbili. Ukiinama hata kidogo, kila unachorekebisha juu yake ni kazi bure.

Lubumbashi iko karibu 11.7° kusini ya ikweta, kwa hiyo ekseli ya mota iiname 11.7° kutoka usawa wa ardhi, na deklinesheni (mwinamo wa ziada wa parabole juu ya ekseli) iwe kama 2°. Katikati ya safari yake parabole itazame kaskazini halisi, karibu 76° juu, yaani kama inatazama mbinguni tu. Fundi aliyesoma vipimo vya Ulaya ataigeuza kusini!

Kaskazini uitafute kwa kivuli, maana dira karibu na mabati hudanganya. Saa sita na dakika kumi hivi za mchana, kufuatana na majira, kivuli cha kamba yenye uzito kinalala kaskazini-kusini. Oktoba na Februari jua liko utosini, kivuli hakuna. Juni ndiyo nzuri.

Sasa peleka parabole ncha ya mashariki, kisha ya magharibi, na kila mahali usukume ukingo wake kwa mkono, juu na chini. Signo ikipanda ukiinua kwenye ncha ya mashariki na ukishusha kwenye ya magharibi, zungusha kichwa chote kilicho juu ya mlingoti kidogo kuelekea mashariki. Ikiwa kinyume, magharibi. Ikitaka kuinuliwa ncha zote mbili, gawanya upya mwinamo na deklinesheni, jumla ibaki ileile.